Povu la Kifaransa: Mastaa wa "Siku 30" Mnatuuzia Uoga wa Waingereza

Leo hapa hakuna ndoa iliyovunjika wala gari la kukodi lililopigwa picha kama la kununua. Leo mniache nitoe povu, na povu lenyewe ni la Kifaransa. Msifunge ukurasa, umbea upo humo ndani.

Mnamjua yule dada. Simtaji jina, sina hela ya wakili, lakini mnamjua. Alianza na umiss, akaingia kwenye tamthilia, akatangaza sabuni, akapotea kidogo, kisha akaibuka na picha za Paris: mnara nyuma, kofia imekaa upande, kikombe cha kahawa kidogo kama cha mwanasesere. Wiki mbili baada ya zile picha akawa mwalimu. "Ongea Kifaransa kwa siku 30. Bila sarufi. Bila stresi." Laki moja na nusu, grupu la WhatsApp, laivu mbili kwa wiki, na cheti chenye picha yake mwenyewe. Wala hayuko peke yake. Yupo kaka mmoja wa Nairobi mwenye ndevu za kuchongwa anafanya kitu hichohicho, na yupo "kocha" anayeishi Ulaya ambaye kila video anaianza kwa kutuonyesha theluji dirishani. Sijui theluji na vitenzi vinahusiana vipi.

Mtu kutafuta riziki mimi sina neno. Mjini hapa kila mtu anauza kitu. Ila safari hii mteja alikuwa mdogo wangu, tumbo moja, na hela aliazima kwa mama.

Mdogo wangu kasomea mambo ya hoteli, yuko Zanzibar. Mwaka jana hoteli moja kule pwani ya mashariki ilitangaza nafasi ya mapokezi, sharti ujue Kifaransa kidogo maana wageni wao wengi wanatoka Ufaransa. Alikuwa na miezi miwili ya kujiandaa. Akajiunga na dada yetu. Wiki ya kwanza raha tupu: bonjour, ça va, je m'appelle, enchantée. Anarekodi sauti, anatutumia kwenye grupu la familia, mama anajibu kwa makofi. Wiki ya tatu akakutana na sentensi mbili kwenye karatasi aliyotumiwa na mwalimu huyohuyo. Je suis monté. J'ai monté la valise. Kitenzi ni kimoja, monter, ila huku kimetanguliwa na être, kule kimetanguliwa na avoir. Akauliza kwenye grupu, kwa adabu kabisa: "Samahani madam, kwa nini hapa ni suis na hapa ni ai?"

Jibu ninalo, nimetumiwa skrinishoti. "Mpenzi, Kifaransa hakina kwa nini. Kariri tu. Ukiuliza sana hutaongea." Mwishoni busu.

Kesho yake akauliza tena, na safari hii wenzake watatu wakamuunga mkono. Akaambiwa analeta nuksi kwenye grupu. Jioni akajikuta ametolewa. Kupiga simu, ameblokiwa.

Siku ya usaili wakampa zoezi dogo. Mgeni Mfaransa, wa kuigiza, anauliza mizigo yake iko wapi. Mwambie umeshaipandisha chumbani. Mdogo wangu akajiweka sawa akasema: je suis montée vos valises. Kwa Kiswahili ni kama mhudumu akwambie "nimepanda mizigo yako". Utamwelewa, ndiyo, lakini hutampa kazi ya kupokea wageni. Nafasi ikaenda kwa mwingine.

Sasa sikilizeni aliyemweleza kosa lake. Ni kaka mmoja Mkongo wa Bukavu, anafanya kazi hapohapo hotelini, alimkuta getini anasubiri daladala macho mekundu. Kifaransa kaka yule kakisomea shule, Kiswahili ni cha nyumbani kwao. Akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza swali moja: "Dada, nimepanda na nimepandisha ni kitu kimoja?" Mdogo wangu akajibu hapana. "Basi ni hivyohivyo."

Mwenzenu nilipohadithiwa nilikaa kimya. Halafu nikachukua daftari nikaanza kupanga. Je suis monté, nimepanda. J'ai monté la valise, nimepandisha sanduku. Je suis descendue, nimeshuka. J'ai descendu les sacs, nimeshusha mifuko. Je suis sorti, nimetoka. J'ai sorti la voiture, nimetoa gari. Je suis rentrée, nimerudi nyumbani. J'ai rentré le linge, nimeingiza nguo zilizokuwa kwenye kamba. Hata je suis retourné, nimerudi, na j'ai retourné la crêpe, nimegeuza chapati. Ukihama mwenyewe ni être, ukihamisha kitu kingine ni avoir. Sisi tunabadilisha mkia wa kitenzi, wao wanabadilisha kisaidizi cha mbele. (Kuna vitenzi vya mwendo vinavyobaki na avoir hata bila mzigo, kama j'ai marché na j'ai couru, kwa sababu vinaeleza unavyokwenda, havisemi umetoka wapi wala umefika wapi. Nusu dakika nyingine hiyo.)

Mtu amelipa laki na nusu kuambiwa hakuna sababu, na sababu kaipata bure getini kwa lugha ya mama yake.

Nikataka kujua kwa nini staa wetu hakuijua. Nikaingia kwenye video zake, za bure na zile za kulipia, msiniulize nimezipataje. Jamani. Kozi nzima ni video za Wamarekani na Waingereza zilizotafsiriwa. Na ushahidi ninao, unaitwa Bibi Vandertramp. Madam kawafundisha watu wakariri "Dr Mrs Vandertramp" ili wakumbuke vitenzi 16 vinavyotumia être: D ni devenir, R ni revenir, M ni monter, na kuendelea. Ni ujanja wa zamani wa wanafunzi wanaoongea Kiingereza, kwao jina la daktari na mkewe linashikika kichwani. Sasa msichana wa Kinondoni au wa Jambiani huyo Bibi Vandertramp amemjulia wapi? Kabla hujakariri vitenzi unakariri kwanza jina la Mzungu ambaye hajawahi kuwepo, na ukishamaliza bado hujui kwa nini valise imebadilisha mambo.

Hapo ndipo povu langu lilipo. Maswali mengi yanayowaliza watu mtandaoni kuhusu sarufi ya Kifaransa ni maswali ya mtu anayeingia kwa mlango wa Kiingereza. Mlango wetu upo wazi. Hawa mastaa wanatuchukua, wanatuzungusha nyuma ya nyumba, wanatupitisha dirishani, halafu wanatutoza hela ya ngazi.

Nianze na kitu cha siku ya kwanza. Kila kozi ina mwanafunzi anayesema je suis 25 ans. Mwalimu anakemea: kwa Kifaransa tunasema "nina" miaka, j'ai 25 ans, "ni ajabu lakini kariri". Ajabu ya nani? Wewe ukiulizwa umri unasema nina miaka 25. J'ai faim, nina njaa. J'ai soif, nina kiu. J'ai sommeil, nina usingizi. J'ai peur, nina hofu. Anayeshangaa ni Mwingereza, kwa sababu kwao mtu "ni" njaa na "ni" miaka 25. Mwanafunzi wetu kakosea kwa kuwa alitoka kwenye Kiswahili akapita Kiingereza ndipo akafika Kifaransa. Angekata njia ya moja kwa moja asingejikwaa.

Halafu kike na kiume. Hili ndilo wanalipenda kwa vichekesho. Yule kaka wa ndevu ana klipu iliyopata laiki za kutosha, anauliza meza inakuwaje mwanamke, imevaa gauni? Haha. Kaka, wewe lugha yako ina ngeli nane au tisa, kutegemea mwalimu wako wa shule ya msingi alikuwa nani. Umewahi kumuuliza mama yako kwa nini kiti ni changu na meza ni yangu? Kwa nini gari ni lako na mkoba ni wako? Hukuuliza. Uliishi nazo zikaingia. Wafaransa wana mbili tu, wewe unabeba tisa kichwani unakuja kuogopa mbili!

Tena namna zilivyokuingia ndiyo namna ya kuziingiza hizo mbili. Mtoto hafundishwi "kiti, ngeli ya KI-VI". Anasikia kiti changu, kiti kimevunjika, lete kile kiti, upatanisho unampigia kelele pande zote. Basi usikariri "table" peke yake na kidoti cha rangi ya waridi pembeni kama karatasi za madam. Sema une petite table, ma table, la table est cassée. Na kuna dalili za mwisho wa neno, kama sisi tulivyo na za mwanzo: karibu maneno yote ya -tion ni ya kike, nation, situation, réservation, karibu yote ya -ment ni ya kiume, appartement, moment, mengi ya -age ni ya kiume, message, voyage, mariage, ila plage na image na page zimegoma. Sisi nasi tuna wagomaji. Kiongozi ana KI usoni lakini hatusemi kiongozi kimefika. Kwa taarifa yenu, staa kwa Kifaransa ni une vedette, kike, hata akiwa mwanaume mwenye ndevu za kuchongwa.

Son, sa, ses ndiyo kabisa. Sa mère ni mama yake, wa kike au wa kiume, haijulikani mpaka usikie habari nzima. Waingereza wanateseka, kwao lazima mwenye mali ajulikane jinsia. Sisi "yake" yetu haijawahi kujali mwenyewe ni nani, inaangalia kinachomilikiwa: gari lake, kitabu chake, nyumba yake. Kifaransa kinaangalia hukohuko. Na lui nayo vilevile. Je lui donne, nampa, awe baba au mama. Hiyo "m" yetu na hiyo lui yao ni ndugu wa tabia.

Tukija kwenye le, la, les, te, me kukaa mbele ya kitenzi, madam katumia laivu nzima akilalamika kwamba Wafaransa "wanasema kinyumenyume". Je t'attends. Nakusubiri. Je les connais. Nawajua. Je t'ai vu. Nimekuona. Kinyume kiko wapi? Hiyo "ku" si iko mbele ya "ona" miaka yote? Une voiture rouge, gari jekundu, nomino kwanza rangi baadaye. Une maison blanche, nyumba nyeupe. Anayesema kinyume na sisi ni Mwingereza, na laivu ile angeifanya London wangempigia makofi.

Subjonctif sasa. Hili jina limevunja ndoto za watu. Kule kwenye video za Kiingereza wanaliita jini, maana Kiingereza hali hiyo imebaki mabaki. Kaka wa ndevu ana "masterclass" yake peke yake, bei tofauti. Haya, soma: nataka aje, je veux qu'il vienne. Najua anakuja, je sais qu'il vient. Umeona "aje" na "anakuja" zilivyoachana? Umeona vienne na vient zilivyoachana? Lazima niende, il faut que j'aille. Ili uelewe, pour que tu comprennes. Ile E ya mwisho unayoipachika kila siku unapoagiza, unapoomba, unapotaka, ndiyo wao wanaipa jina la kutisha. Mama yako akisema "mwambie anunue mkate" ametumia subjonctif na wala hakulipia masterclass.

Haziendi sambamba kila mahali, nisije nikawa mwongo kama wao. Sidhani kama anakuja, hapo sisi hatuweki E, wao wanaweka: je ne pense pas qu'il vienne. Lakini hebu tazama hii, imenifurahisha mpaka nikampigia mdogo wangu usiku. Wafaransa wanapoandika vizuri wanasema avant qu'il ne parte, na hiyo ne haikanushi kitu, imekaa tu. Mtandaoni watu wanagombana kuhusu hiyo ne: inafanya nini hapo? Kwa Kiswahili tunasema kabla hajaondoka. "Haja". Kikanushi kimekaa, na hakuna anayekana chochote. Mmarekani anaambiwa aimeze bila kutafuna. Wewe umeimeza tangu utotoni.

Na lile la participe, ambalo hata Wafaransa wenyewe linawatoa jasho. J'ai écrit les lettres, bila nyongeza. Les lettres que j'ai écrites, na nyongeza. Kwa nini? Kwa sababu barua zimetajwa kwanza. Nilipoandika barua, kitenzi hakikuzijali. Barua nilizoandika, zo, kitenzi kimegeuka kuziangalia. Kwao kanuni hii inahusishwa na mshairi Clément Marot wa karne ya 16, aliyeiga Kitaliano, na imewachosha kiasi kwamba mwaka 2018 walimu wawili wa Ubelgiji waliandika kwenye gazeti la Libération wakitaka ile ya avoir iachwe. Mara nyingi haisikiki mdomoni, ndiyo maana wanaikosea kwenye kuandika. Sisi "zo" yetu tunaisikia, kwa hiyo ukiandika unajua kabisa pa kusimama.

Sasa mtasema dada, unajifanya Kifaransa ni Kiswahili kilichovaa koti. Hapana. Kuna mahali kitatupiga na hatuna pa kujificha. Sisi hatuna le na la na un. Tunasema napenda kahawa, nakunywa kahawa, sinywi kahawa, kahawa ni ileile. Wao: j'aime le café, je bois du café, je ne bois pas de café. Hapo Kiswahili hakisaidii na Kiingereza hakisaidii, ni mazoezi tu, na mwalimu mkweli angetumia wiki yake ya pili yote hapo badala ya kuipita kwa kasi. Kuandika nako ni mateso. Kiswahili unasoma kinachoandikwa; parle, parles, parlent zinaandikwa tatu zinasikika moja. Dessus na dessous, juu na chini, tofauti ni u na ou, na midomo yetu hiyo u haina, sasa ukimwelekeza mgeni begi lake liko wapi utajijua. Je le lui donne, viwakilishi viwili kwa mpigo, sisi tunabeba kimoja. Namba nazo: 97 ni quatre-vingt-dix-sept, nne mara ishirini jumlisha kumi na saba, sokoni utatoa jasho. Kongo wao walikwepa kidogo, walirithi kwa Wabelgiji septante na nonante, kaka wa Bukavu anatucheka.

Kosa jingine la kozi hizi ni kufundisha watu je ne sais pas vizuri kabisa kisha wanafungua filamu wanasikia "chépa" na kudhani wameibiwa. Mdomoni ne inaanguka. Mwambieni mtu mapema kwamba kuna Kifaransa cha kuandika na kuna cha barazani, asijione mjinga.

Na nitawapa haki yao kwenye jambo moja. Wanaposema sarufi ya shule iliwaua watu, ni kweli. Wengi wetu tulifundishwa lugha kwa majedwali mpaka tukachukia. Lakini dawa ya sarufi iliyofundishwa vibaya ni kuifundisha vizuri. Kumwambia mtu mzima "usiulize" ni kumfunga mdomo kwa sababu wewe mwenyewe hujui, na kumtoa kwenye grupu ni kuficha kwamba hujui.

Ushahidi wa kutojua? Haya, umbea niliowaahidi. Mwezi wa tano madam alirusha picha akiwa na bahasha, kaandika kwa herufi kubwa: J'AI PASSÉ L'EXAMEN! Maua, keki, mastaa wenzake wote wakampongeza kwa kufaulu. Wadau, passer un examen ni kufanya mtihani. Kufaulu ni réussir. Dada yetu katangazia dunia nzima ya Wafaransa kwamba aliingia chumba cha mtihani akakaa kwenye kiti. Kapita Kiingereza tena! Neno limefanana, akalibeba hivyohivyo. Huenda alifaulu kweli, simsingizii, lakini kwa Kifaransa alichoandika, matokeo bado tunasubiri.

Mnaosema mimi nina wivu, fikirieni waliopo kwenye hayo magrupu. Mwaka 2021 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubali Kifaransa kiwe lugha rasmi ya Jumuiya pamoja na Kiingereza na Kiswahili, 2022 Kongo ikaingia, na madereva na wafanyabiashara wanaovuka mipaka hiyo wapo humo kwenye hayo magrupu. Wapo waongoza watalii wa Arusha. Wapo wanaoota Kanada, ambayo tangu 2023 ina raundi maalumu za Express Entry kwa wenye Kifaransa. Kule wanataka NCLC 7 kwenye kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika, vyote vinne, kwa TCF Canada au TEF Canada. Ule mtihani hautakuuliza ça va. Na cheti chenye picha ya staa hawakipokei. Mtu anauza kiwanja, analipia safari ya kwenda kufanya mtihani, anafika kwenye karatasi ya kuandika ndipo anagundua kwamba siku 30 zilimfundisha kujitambulisha.

Mnaouliza mkajifunzie wapi: Alliance Française ipo Dar na Arusha, ipo Nairobi na Mombasa, kuna walimu waliosomea na mitihani ya DELF ya kweli. Huna hela, RFI wana taarifa ya habari ya Kifaransa chepesi na TV5MONDE wana mazoezi yao mtandaoni, bure, unachangia bando tu. Na kama jirani yako ni Mkongo au Mrundi, mpelekee chai.

Mdogo wangu kajiandikisha upya, safari hii darasani, na hoteli nyingine imemwita usaili mwezi ujao. Juzi kanitumia ujumbe wa maandishi, makusudi kabisa usiwe wa sauti: Les valises que j'ai montées. Masanduku niliyoyapandisha. Avoir ipo mahali pake, E ipo, S ipo.

Na wewe dada wa siku 30, najua unapita hapa, huwa unakuja kuangalia kama umeandikwa. Rudisha laki na nusu ya mama. Namba ya mdogo wangu unayo, ni ile uliyoibloku.